Ydnekatchew Tessema

Ydnekatchew Tessema (Jimma, 11 Septemba 1921 - Addis Ababa, 19 Agosti 1987) alikuwa mchezaji, kocha na kiongozi wa mpira wa miguu kutoka nchini Ethiopia. Alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Shirikisho la Mpira wa Miguu Afrika (CAF) mwaka 1957, na aliliongoza shirikisho hilo akiwa rais kuanzia mwaka 1972 hadi kifo chake.

Anakumbukwa zaidi kwa mambo mawili. La kwanza ni kuwa kocha wa timu ya taifa ya Ethiopia iliyotwaa Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 1962. La pili ni msimamo wake dhidi ya timu ya taifa ya Afrika Kusini iliyochaguliwa kwa rangi ya ngozi. Mambo hayo yanahusu swali moja lililomfuata maisha yake yote: nani ana haki ya kuchaguliwa kuichezea nchi yake, na nani ana haki ya kuchagua?

Kama ilivyo desturi ya Waethiopia, Tessema si jina la ukoo bali ni jina la baba yake. Kwa hiyo katika makala hii anatajwa kwa jina lake mwenyewe, Ydnekatchew.

Maisha ya awali

Ydnekatchew alizaliwa Jimma, mji ulio kusini-magharibi mwa Ethiopia katika eneo linalojulikana kwa kilimo cha kahawa. Baba yake, Tessema Eshete, alikuwa mshairi na mwimbaji mashuhuri. Mwanzoni mwa karne ya 20 Tessema Eshete alipelekwa Ujerumani wakati wa utawala wa Mfalme Menelik II, na huko alirekodi nyimbo zake kwenye sahani za santuri. Anahesabiwa kuwa Mwethiopia wa kwanza kufanya hivyo. Baadaye alikuwa karibu na Lij Iyasu, mrithi wa Menelik, na Iyasu alipoondolewa madarakani mwaka 1916 familia ilipata misukosuko.

Ydnekatchew alisoma katika Shule ya Teferi Makonnen mjini Addis Ababa. Shule hiyo ilifunguliwa mwaka 1925 na Ras Tafari, ambaye baadaye alikuwa Mfalme Haile Selassie. Ilikusudiwa kulea vijana watakaoitumikia serikali ya kisasa. Mpira wa miguu ulikuwa bado mchezo mgeni nchini, ukichezwa zaidi na Wagiriki, Waarmenia, Waitalia na wageni wengine waliokaa mji mkuu. Wanafunzi wa Kiethiopia waliuiga na kuupenda upesi.

Mchezaji wa St. George

Mwishoni mwa mwaka 1935 vijana wa Addis Ababa walianzisha klabu ya St. George, iliyopewa jina la mtakatifu anayeheshimiwa sana na Wakristo Waorthodoksi wa Ethiopia. Ydnekatchew alijiunga nayo akiwa kijana mdogo na hakuhama tena. Aliichezea kwa miaka 23 akiwa mshambuliaji.

Klabu ilizaliwa wakati mgumu. Mnamo Oktoba 1935 majeshi ya Italia ya Benito Mussolini yalikuwa yameivamia Ethiopia, na Mei 1936 yaliuteka mji mkuu. Katika miaka mitano ya utawala wa Waitalia michezo nayo ilitenganishwa kwa rangi. Weupe walicheza na weupe, na Waethiopia walicheza wenyewe kwa wenyewe, chini ya usimamizi wa ofisi ya wakoloni. Hata jina la St. George lilibadilishwa likapewa sura ya Kiitalia. Kwa wakazi wa Addis Ababa klabu hiyo ikawa alama ya utaifa, na kwenda kuishangilia ilikuwa njia mojawapo ya kuonyesha kwamba nchi haijasahau uhuru wake.

Hapo ndipo Ydnekatchew alipojifunza kwa uzoefu maana ya mchezaji kuambiwa kwamba hawezi kupangwa dhidi ya fulani, si kwa sababu ya uwezo wake bali kwa sababu ya rangi yake. Misimamo aliyoichukua baadaye akiwa kiongozi haieleweki vizuri bila kuikumbuka miaka hiyo.

Kujenga mpira wa Ethiopia

Ethiopia ilikombolewa mwaka 1941. Ydnekatchew alikuwa na umri wa miaka 19 tu, lakini alikuwa miongoni mwa vijana wachache waliosoma na kuujua mchezo. Shirikisho la mpira wa miguu la Ethiopia lilianzishwa mwaka 1943, naye akawa mmoja wa nguzo zake. Alitafsiri sheria za mpira katika lugha ya Kiamhari ili waamuzi na wachezaji wasiojua lugha za Ulaya waweze kuzisoma.

Mwaka 1944 yalifanyika mashindano yaliyokutanisha St. George na timu za jamii za wageni: Wagiriki, Waarmenia, Waitalia, pamoja na timu ya wanajeshi wa Uingereza waliokuwa nchini. Mashindano hayo yalikuwa madogo, lakini maana yake ilikuwa kubwa. Kwa mara ya kwanza tangu uvamizi, timu ya Waethiopia ilikutana uwanjani na timu za Wazungu kwa masharti sawa.

Mnamo 5 Desemba 1947 timu ya taifa ya Ethiopia ilicheza mechi yake ya kwanza ya kimataifa dhidi ya Somalia ya Kifaransa, nchi ambayo leo inaitwa Jibuti. Ethiopia ilishinda 5-0. Ydnekatchew aliichezea timu ya taifa mara 15.

Kuanzishwa kwa CAF

Katika miaka ya 1950 nchi huru za Afrika zilikuwa chache, na katika Shirikisho la Mpira wa Miguu Duniani (FIFA) sauti yao ilikuwa ndogo. Mwaka 1956, wakati wa mkutano wa FIFA mjini Lisbon, wajumbe wa Misri, Sudan na Afrika Kusini walikubaliana kuunda shirikisho la bara. CAF ilizaliwa rasmi mjini Khartoum tarehe 8 Februari 1957, na Abdelaziz Abdallah Salem wa Misri alichaguliwa kuwa rais wa kwanza. Ydnekatchew alikuwa katika ujumbe wa Ethiopia.

Mashindano ya kwanza ya Kombe la Mataifa ya Afrika yalipangwa kufanyika Khartoum siku zilezile, na nchi nne waanzilishi zilitakiwa kushiriki. Hapo likazuka suala la kikosi cha Afrika Kusini. Nchi hiyo ilikuwa chini ya sera ya ubaguzi wa rangi, na viongozi wake wa mpira walikuwa tayari kuleta timu ya weupe watupu au timu ya weusi watupu, lakini si timu ya mchanganyiko. Nchi nyingine tatu zilikataa. Kwao, timu ya taifa ilipaswa kuwa na wachezaji bora wa nchi nzima, wa rangi yoyote.

Afrika Kusini haikushiriki. Ethiopia, ambayo ilikuwa imepangwa kukutana nayo katika nusu fainali, iliingia fainali moja kwa moja na kufungwa na Misri 4-0. Kwa upande wa matokeo, Ethiopia haikufaidika sana. Hata hivyo, tangu mwanzo wake CAF ilikuwa imeweka kanuni kwamba haipokei timu iliyochujwa kwa rangi, miaka kadhaa kabla mashirika makubwa ya michezo duniani hayajachukua hatua kama hiyo.

Ydnekatchew aliibeba kanuni hiyo kwa miaka 30 iliyofuata. FIFA iliisimamisha Afrika Kusini mwaka 1961, ikaondoa adhabu mwaka 1963 chini ya rais wake Stanley Rous, kisha ikairudisha mwaka 1964 kutokana na shinikizo la nchi za Afrika na Asia. Mwaka 1976 Afrika Kusini ilifukuzwa kabisa katika FIFA. Katika safari yote hiyo Ydnekatchew alikuwa mmoja wa wasemaji wakuu wa Afrika.

Kombe la Mataifa ya Afrika 1962

Mashindano ya tatu yalifanyika Addis Ababa kuanzia tarehe 14 hadi 21 Januari 1962. Timu zilikuwa nne: wenyeji Ethiopia, mabingwa watetezi Misri (wakati huo ikiitwa Jamhuri ya Muungano wa Kiarabu), Tunisia, na Uganda iliyokuwa bado haijapata uhuru. Katika mashindano mawili yaliyotangulia Ethiopia haikuwa imeshinda mechi wala kufunga bao.

Uchaguzi wa kocha

Mashirikisho mengi ya Afrika ya wakati huo yaliamini kwamba timu ya taifa inahitaji kocha kutoka Ulaya. Misri yenyewe ilitwaa kombe la mwaka 1959 chini ya Pál Titkos, raia wa Hungaria. Ethiopia ilimpa timu Ydnekatchew, Mwethiopia aliyewafahamu wachezaji, klabu zao na lugha zao. Uamuzi huo ulikuwa na kasoro yake pia, kwa kuwa Ydnekatchew alikuwa miongoni mwa viongozi wa mpira wa nchi. Mtu yuleyule alikuwa upande wa wanaoajiri na upande wa anayeajiriwa, jambo ambalo leo lingezua maswali. Lakini lilimpa nguvu ya kuchagua kikosi bila kuingiliwa kwa urahisi.

Uchaguzi wa wachezaji

Kikosi chake kilitoka sehemu mbalimbali za himaya. Kutoka St. George ya Addis Ababa alikuwamo mshambuliaji Mengistu Worku. Wengine walitoka Dire Dawa, mji wa reli ulio mashariki, na wengine Asmara nchini Eritrea, ambako mpira ulikuwa umeota mizizi tangu enzi za Waitalia. Eritrea ilikuwa imeunganishwa na Ethiopia kwa shirikisho tangu mwaka 1952.

Kutoka Asmara walitokea ndugu wawili, Luciano Vassalo na Italo Vassalo. Baba yao alikuwa Mwitalia na mama yao Mweritrea. Luciano alikuwa nahodha. Ilikuwa imepita miaka 20 tu tangu Waitalia waondolewe, na kumbukumbu za mauaji na mateso zilikuwa bado mbichi. Kwa baadhi ya watu haikuwa rahisi kukubali kwamba kijana mwenye jina la Kiitalia ndiye awaongoze wachezaji wa Ethiopia mbele ya mfalme. Luciano mwenyewe alisimulia baadaye jinsi asili yake ilivyomletea mashaka na shinikizo. Pamoja na hayo, alibaki katika kikosi akiwa nahodha.

Hapa kanuni ya Khartoum ilijaribiwa nyumbani. Ni rahisi kumwambia jirani asibague. Ni vigumu zaidi kulishika neno hilo wakati anayehusika ni mtoto wa taifa lililokutesa. Kama Ethiopia ingemwacha Luciano kwa sababu ya damu ya baba yake, isingekuwa na hoja nzito ya kuwapinga wabaguzi wa Afrika Kusini.

Mechi

Katika nusu fainali Tunisia ilitangulia kwa mabao mawili, lakini Ethiopia ilirudi na kushinda 4-2. Misri nayo iliifunga Uganda 2-1.

Fainali ilichezwa tarehe 21 Januari mbele ya Mfalme Haile Selassie. Badawi aliifungia Misri katika dakika ya 35. Girma Tekle alisawazisha dakika ya 74, lakini dakika moja baadaye Badawi akafunga tena. Ilipofika dakika ya 84 Luciano Vassalo alisawazisha kwa mara ya pili, na mechi ikaingia muda wa nyongeza. Italo Vassalo alifunga bao la tatu dakika ya 101, na Mengistu Worku akamaliza kazi dakika chache kabla ya filimbi ya mwisho. Matokeo yalikuwa Ethiopia 4, Misri 2.

Luciano Vassalo alipokea kombe kutoka mikononi mwa mfalme. Mabao manne ya fainali hiyo yalifungwa na wachezaji wa asili tofauti, na mawili kati yake yalitoka kwa ndugu ambao uchaguzi wa kuangalia ukoo ungewaacha nje. Hadi leo huo ndio ubingwa pekee wa Ethiopia katika Kombe la Mataifa ya Afrika.

Nafasi ya Afrika katika Kombe la Dunia

Baada ya ushindi huo Ydnekatchew alizidi kuelekea kwenye uongozi wa bara. Mwaka 1964 FIFA ilitangaza mgawanyo wa nafasi 16 za Kombe la Dunia la 1966 nchini Uingereza. Afrika, Asia na Oceania zilipewa nafasi moja kwa pamoja. Bingwa wa Afrika angelazimika kucheza mchujo mwingine na mshindi wa mabara hayo mengine.

Ohene Djan wa Ghana na Ydnekatchew walikuwa mstari wa mbele kupinga. Nchi za Afrika zilijitoa katika mashindano ya kufuzu na kutozwa faini, lakini hazikurudi nyuma. Kwa wachezaji wa kizazi hicho hasara ilikuwa kubwa. Ghana ilikuwa bingwa wa Afrika mwaka 1963 na 1965, na wachezaji wake hawakupata nafasi ya kupimwa duniani.

Mgomo ulizaa matunda. Afrika ilipewa nafasi yake kamili kuanzia Kombe la Dunia la 1970, na Morocco ikaitumia. Ydnekatchew mwenyewe aliingia katika kamati ya utendaji ya FIFA. Mwaka 1974 kura za Afrika zilichangia ushindi wa João Havelange wa Brazil dhidi ya Stanley Rous katika uchaguzi wa rais wa FIFA. Kombe la Dunia lilipopanuliwa kuwa na timu 24 mwaka 1982, Afrika ilipata nafasi mbili. Algeria ilizitumia vizuri kwa kuifunga Ujerumani Magharibi 2-1, na Kamerun ilitoka sare mechi zake zote tatu.

Rais wa CAF

Ydnekatchew alichaguliwa kuwa rais wa CAF mwaka 1972. Miaka miwili baadaye Mfalme Haile Selassie alipinduliwa na wanajeshi wakashika madaraka, lakini Ydnekatchew aliendelea na kazi yake ya bara. Alikuwa pia mwanachama wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki.

Chini ya uongozi wake mashindano ya CAF yaliongezeka. Klabu Bingwa Afrika, iliyoanza mwaka 1964, ilifuatiwa na Kombe la Washindi mwaka 1975, na mashindano ya vijana yakaanza mwaka 1979. Ethiopia ilikuwa mwenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 1968 na 1976.

Suala la wachezaji wa Ulaya

Jambo lililoleta ubishi mkubwa wakati wake ni uteuzi wa wachezaji waliokuwa wakicheza nje ya bara. Tangu mwaka 1965 kanuni za CAF ziliruhusu kila timu kuwa na wachezaji wawili tu wa aina hiyo katika Kombe la Mataifa ya Afrika. Ydnekatchew aliitetea kanuni hiyo. Alihofia kwamba klabu tajiri za Ulaya zingewachukua vijana bora wa Afrika, na kwamba mashirikisho yangeacha kulea vipaji nyumbani na kungoja wachezaji waliokwisha kuivishwa na wengine.

Wapinzani wake walikuwa na hoja nzito pia. Walisema mchezaji haachi kuwa raia wa nchi yake kwa sababu amekwenda kutafuta riziki. Kocha mwenye wachezaji watano wazuri Ulaya alilazimika kuwaacha watatu. Kanuni iliyokusudiwa kuilinda Afrika ilikuwa inawanyima Waafrika kadhaa haki ya kuzichezea nchi zao, na mtu aliyekuwa amepigania kwa miaka mingi timu za taifa zichaguliwe kwa uwezo alijikuta akilinda kipimo kingine. Tofauti ilikuwepo, kwa kuwa kipimo hiki hakikuangalia rangi wala ukoo. Hata hivyo kwa mchezaji aliyeachwa, maumivu yalikuwa yaleyale.

Kikomo hicho kiliondolewa mwaka 1982, Ydnekatchew akiwa bado rais. Tangu hapo vikosi vya nchi nyingi za Afrika vilianza kujaa wachezaji wa ligi za Ulaya. Aliyoyahofia kuhusu kuhama kwa vipaji yametokea kwa kiasi kikubwa, lakini pia timu za Afrika zimepata nguvu mpya katika Kombe la Dunia.

Kwa wasomaji wa Tanzania, mfano wa enzi hiyo ni Taifa Stars ya mwaka 1980 iliyocheza fainali za Lagos, Nigeria. Kilikuwa kikosi kilichoundwa na wachezaji wa klabu za nyumbani. Makocha wake walikuwa Slawomir Wolk kutoka Polandi na mzalendo Joel Bendera, ambaye baadaye alikuwa mbunge wa Korogwe Mjini, chini ya Milima ya Usambara. Ilichukua miaka 39 kabla Tanzania haijafuzu tena, mwaka 2019.

Kifo na urithi

Ydnekatchew alifariki Addis Ababa tarehe 19 Agosti 1987 akiwa na umri wa miaka 65, bado akiwa rais wa CAF. Abdel Halim Muhammad wa Sudan alikaimu nafasi yake hadi mwaka 1988, alipochaguliwa Issa Hayatou wa Kamerun.

Kazi yake haikukosa lawama. Alishika vyeo vingi kwa muda mrefu, na baadhi ya kanuni alizozitetea ziliwafungia milango wachezaji waliostahili. Lakini wanahistoria wengi wa michezo wanamhesabu miongoni mwa watu walioiwezesha Afrika kuheshimiwa katika mpira wa dunia.

Hakuishi kuona mwisho wa shauri lililoanza Khartoum mwaka 1957. Afrika Kusini ilirudi katika mashindano ya kimataifa mwaka 1992, ubaguzi wa rangi ulipokuwa ukivunjwa. Mwaka 1996 nchi hiyo iliandaa Kombe la Mataifa ya Afrika na kulitwaa kwa kuifunga Tunisia 2-0. Kikosi chake kilikuwa na wachezaji weusi, weupe na machotara. Nahodha wake, Neil Tovey, alikuwa mweupe, na Rais Nelson Mandela alikuwepo uwanjani siku alipoinua kombe. Hiyo ndiyo timu ambayo waanzilishi wa CAF walitaka Afrika Kusini iilete Khartoum, miaka 39 kabla yake.